Kulima mboga ndani bila udongo: yanayosemwa na yalivyo

"Mmea ukiwa ndani ya maji, umeshapata kila kitu." Kijiti cha nanaa ukikitia kwenye glasi ya maji kitatoa mizizi kwa akiba yake chenyewe, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Baada ya muda majani hupauka, kwa sababu maji matupu hayana chakula cha kutosha. Udongo ulikuwa ukishika mizizi, ukiipitishia hewa na kuilisha. Ukiuondoa, kazi hizo zote zinakuwa zako.

"Basi nitakoroga mbolea ya urea kidogo." Hili ndilo kosa linaloua miche mingi. Urea inategemea bakteria wa udongo waigeuze kuwa amonia, kisha naitreti. Kwenye ndoo mpya bakteria hao ni haba, na amonia ikizidi huunguza mizizi. Mbolea ya DAP nayo haina kalisi wala potasiamu. Tafuta mchanganyiko wa madini ulioandaliwa kwa haidroponiki, yaani kilimo cha majini bila udongo, ambao kwa kawaida huuzwa mafungu mawili, A na B. Kuna anayedhani huo ni ujanja wa kumuuzia chupa mbili, la hasha. Kalisi ya fungu moja ikikutana na salfeti za lingine kabla ya kuzimuliwa, hugandamana ikawa jasi, unga mweupe unaotua chini ambao mmea hauwezi kuutumia. Mimina A kwenye maji mengi, koroga, ndipo utie B. Kisha pima pH, kipimo cha uchachu wa maji: mboga nyingi hupenda kati ya 5.5 na 6.5.

"Sebule yangu ina mwanga wa kutosha." Kwako, labda. Jicho huzoea haraka na halitambui tofauti. Jua la mchana nje hufikia lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, ilhali chumba tunachokiona kina mwanga huwa na mia chache tu. Kwetu karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa utosini, kwa hiyo paa na kibaraza hulizuia lisiingie dirishani. Bado hujahesabu nondo za dirisha na wavu wa mbu. Matokeo ni saladi ndefu, nyembamba, inayolala. Taa za LED kwa saa 14 hadi 16 kila siku zitasaidia, ila umeme utaulipia. Utafiti wa Arizona, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa saladi ya haidroponiki hutumia maji pungufu mara 13 hivi kuliko ya shambani, lakini nishati zaidi mara 82, nyingi ikiwa ya kupasha joto na kupoza banda la kukuzia. Mwenye roshani inayopigwa na jua la asubuhi aanzie huko.

"Bila pampu ya maji au hewa haiwezekani." Inawezekana. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyohitaji umeme: chombo kilichofunikwa, mche umening'inia kwenye tundu la kifuniko, mizizi ikigusa maji yenye virutubisho. Mmea ukinywa, maji hushuka na mizizi ya juu hubaki hewani ikipumua. Usijaze tena hadi juu, utaizamisha. Saladi huvunwa kabla maji hayajaisha. Nyanya hunywa mno, huko pampu ina maana.

"Hakuna udongo, hakuna wadudu." Vidukari na inzi weupe hupita dirishani kama kawaida. Dar es Salaam na Mombasa tatizo jingine ni joto: maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na mizizi huoza upesi. Weka chombo kivulini, majani juani. Tena ndoo iliyo wazi ni nyumba ya Aedes, mbu aenezaye dengi, anayependa maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani. Ziba kila tundu. Giza litakalobaki ndani huzuia pia mwani, ule ukijani unaoota majini.

"Ni mboga za kemikali." Naitreti inayoingia mzizini ni ileile, itoke kwenye samadi au kwenye mfuko.

"Utaokoa pesa za soko." Kwa mchicha, sidhani, fungu lake sokoni ni rahisi kuliko virutubisho na taa. Nafasi hiyo ndogo ipe nanaa, rehani na saladi, vitu unavyotaka majani machache, mabichi, siku yoyote. Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kinga maji ya mvua.