Kuvaa mwili: maana yake katika masomo ya kupinga ubaguzi wa rangi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo wahadhiri wa Ulaya na Marekani ambao wanajaribu kuwalaza wanafunzi wao kwenye kitanda hicho, yaani kuwaonjesha maisha ya anayebaguliwa kwa rangi yake, kwa msaada wa mashine. Jaribio hilo, kwa Kiswahili, naona tukiliita "kuvaa mwili" tutaelewana.

Mashine yenyewe ni miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote mawili na kukuzungushia ulimwengu uliochorwa na kompyuta. Ukigeuza shingo unaona kilicho nyuma yako. Sasa inama ujitazame: mikono si yako, kifua si chako, ngozi si yako. Mbele yako pana kioo, na ukiinua mkono, yule wa kwenye kioo anauinua papo hapo. Ubongo haukawii kukubali kwamba huyu ni mimi. Siri iko kwenye hilo "papo hapo", maana picha ikianza kujiendea yenyewe, hisia ile inakatika.

Mwaka 2013 watafiti Tabitha Peck, Mel Slater na wenzao waliripoti jaribio la Barcelona ambamo wanawake wa Kizungu walivalishwa miili tofauti: mweupe, mweusi, hata wa rangi ya zambarau. Kabla na baada, walipimwa kwa kompyuta jinsi wanavyoharakisha kuoanisha sura nyeupe na nyeusi na maneno mema au mabaya. Kipimo hicho hulenga upendeleo ambao mtu mwenyewe hajui kama anao. Kwa waliovaa mwili mweusi, upendeleo huo ulipungua. Jaribio jingine la maabara hiyo, la 2016, lilikuta bado umepungua hata baada ya wiki moja.

Usishangilie mapema. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wamepata kinyume: waliovalishwa mwili mweusi walionyesha upendeleo mkubwa zaidi kwa weupe. Tofauti ni kwamba Stanford waliwaweka watu kwenye usaili wa kazi, mahali ambapo dhana mbaya kuhusu Weusi huamka zenyewe. Barcelona hakukuwa na kisa chochote kibaya. Mwaka 2020 kundi la Barcelona lilirudi kwenye suala hilo na kuonyesha kuwa matokeo hutegemea hali ya kijamii ndani ya ulimwengu ule.

Hapo ndipo mwalimu anapobanwa. Huwezi kufundisha ubaguzi bila kuonyesha mabaya yake, na mabaya ndiyo yanayoweza kuharibu zoezi. Courtney Cogburn wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtafiti wa ubaguzi na afya, alichagua kuyaonyesha. Katika *1000 Cut Journey*, hadithi ya kuvaliwa kwa miwani hiyo, iliyotengenezwa pamoja na maabara ya Stanford na kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Tribeca mwaka 2018, unakuwa Michael Sterling, Mmarekani Mweusi: mtoto anayeadhibiwa darasani, kisha kijana mbele ya polisi, kisha mtu mzima anayebaguliwa kazini. Nguvu yake, kwa maoni yangu, iko kwenye mfululizo. Kisa kimoja unaweza kukiita bahati mbaya. Vitatu katika maisha ya mtu mmoja vinakulazimisha kuuliza shule, polisi na waajiri wanaendeshwaje. Swali hilo miwani hailijibu. Linajibiwa baadaye, watu wakiwa wamekaa wanazungumza na mwalimu aliyejiandaa, na kozi isiyo na kipindi hicho imenunua mchezo wa bei ghali tu.

Mkosoaji anayetajwa sana ni Lisa Nakamura, ambaye tangu miaka ya 1990 anaandika juu ya utalii wa utambulisho: kuingia katika rangi ya mwingine kwa muda, ukaonja, ukatoka. Mimi ningeongeza swali la darasani kabisa. Katika chumba chenye wanafunzi ishirini, wawili wakiwa Weusi, hao wawili wanavalishwa nini? Mhadhiri mwangalifu huwaambia mapema kilichomo, na hamlazimishi mtu kuvaa.