Je, wajua kwa nini kishikwambi hufa kikiwa kabatini?

Si ajabu, katika shule ya msingi ya Nyando au Lurambi, magharibi mwa Kenya, kukuta kabati la chuma lenye kufuli mbili na ndani yake vishikwambi (tableti) vya watoto vilivyoletwa na serikali. Havijaanguka wala kuingia maji. Vingine bado vina ile nailoni ya dukani kwenye kioo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Mzazi atasema tuliletewa bidhaa duni, mwalimu atasema hakupewa mafunzo ya kutosha, na mwanasiasa atatafuta aliyekula pesa. Huenda kila mmoja ana ukweli wake. Lakini kuna mshtakiwa ambaye hatajwi, nalo ni hilo kabati.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya awali ikakwama mahakamani, mpango ukapanguliwa na kupangwa upya, na mwaka 2016 vikaanza kusambazwa vishikwambi. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Baadhi viliunganishwa huku kwetu magharibi, katika kiwanda cha Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret.

Wengi hudhani vililala kwa sababu ya kukosa intaneti. Sivyo. Pamoja na vishikwambi, shule ilipewa laptopu za walimu, projekta, na kisanduku kimoja ambacho ni seva na ruta kwa pamoja. Masomo yalipakiwa humo mapema. Mwalimu akikiwasha, kisanduku kinarusha waifai ya darasani. Kishikwambi kinajiunga, kinaomba somo, na somo linatoka pale pale mezani. Hakuna bando linaloliwa. Shule iliyo ndani kabisa Nyakach, ambako mtandao wa simu huja na kuondoka utakavyo, inaweza kufungua somo lilelile linalofunguliwa Milimani mjini Kisumu. Aliyefikiria mpango huo alifikiria vizuri, nami nampa maksi zake zote.

Shida iko kwenye betri.

Betri ya kishikwambi ni ya lithiamu, sawa na ya simu yako. Ikijaa huwa na volti 4.2 hivi. Ikishuka hadi karibu volti 3, kifaa hujizima na tunasema chaji imeisha. Kwa kweli haijaisha: kuna kiasi kidogo kilichobakizwa makusudi, na hicho ndicho uhai wa betri. Sasa kizime, ukifungie. Kemikali zilizomo zinaendelea kumenyuka taratibu, na ile saa ndogo inayotunza tarehe inaendelea kunyonya umeme hata kioo kikiwa cheusi. Ni mtungi unaovuja tone kwa tone. Kifaa kilichofungiwa kikiwa na nusu ya chaji kitavumilia miezi mingi. Kilichofungiwa kikiwa kitupu, yaani kilichokusanywa baada ya somo la mwisho la muhula na kutiwa kabatini hivyo hivyo, hakina muda mrefu.

Volti zikipita chini ya 2.5 hivi, saketi ya ulinzi hukata njia ya umeme ili betri isizidi kuharibika. Zikiendelea kushuka kuelekea sufuri, utando mwembamba wa shaba uliomo ndani huanza kuyeyuka na kuchanganyika na kimiminika cha betri. Ukija kuichaji baadaye, shaba hiyo huganda tena, ila mahali isipotakiwa, na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazifai kugusana kamwe. Hapo betri imekwisha. Wahenga walisema akiba haiozi, hawakuijua lithiamu. Na joto huharakisha mambo haya yote, kwa hiyo stoo ya mabati kule Ahero, jua la Februari likiwaka, ni mahali pabaya kuliko ofisi yenye kivuli kule Vihiga.

Mwaka 2020 ulikuja kuzijaribu betri hizo nchi nzima. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba, lakini watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3, ambao ndio hasa waliokusudiwa vishikwambi, walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Kifaa kilichofungiwa Machi bila chaji kilikaa hivyo zaidi ya miezi 9.

Basi mbona visichajiwe? Bei ya stima si kisingizio. Kishikwambi kimoja hula wati 10 hivi kikiwa kwenye chaji. Arobaini kwa pamoja ni wati 400, hata nusu ya pasi ya nguo hazifiki. Kinachokosekana ni soketi: shule iliunganishiwa stima, lakini mara nyingi nyaya ziliishia ofisini na darasa moja au mawili, na soketi zenyewe za kuhesabu. Mtu atachaji vifaa vitano vitano, kwa zamu, kati ya vipindi, huku ana watoto sitini darasani? Halafu kuna jambo la kufuli. Mwalimu mkuu ndiye anayebeba dhamana ya mali ya serikali. Kishikwambi kikiibwa, ataandika maelezo kituo cha polisi na kuitwa na bodi. Kikifa taratibu kabatini, hakuna anayemuuliza. Ukiwa wewe, ungechagua kipi? Mimi simlaumu, namlaumu aliyeweka hesabu ya vifaa vilivyopo bila kuweka hesabu ya vifaa vinavyowaka.

Na huku kwetu kuna radi. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria huvuma kuelekea nchi kavu, ukibeba unyevu, unakutana na pepo za mashariki kwenye miinuko ya Nandi, Kakamega na Kisii, hewa inapanda juu kwa kasi, na kufikia alasiri wingu jeusi limesimama. Radi si lazima ipige shule. Ikipiga karibu na waya wa stima hata mbali kidogo, msukumo wa umeme husafiri kwenye nyaya hadi kwenye chaja, na kilichochomekwa hapo kinaungua. Kwa hiyo mwalimu wa Kisii anayechomoa kila kitu wingu linapokusanyika si mshamba, anajua anachofanya. Tatizo ni kwamba saa za wingu ni zilezile za alasiri, ambapo madarasa ya chini yameondoka na soketi ziko huru. Shule iliyo na mwanga wa sola hupunguza hatari hii, kwa sababu haijafungwa kwenye waya mrefu wa nje. Nyingine zichaji asubuhi.

Tanzania walifuata njia tofauti: baada ya sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Kifaa ambacho mwalimu anakwenda nacho nyumbani, anatumia kuandaa somo na kutazama habari, hakikai miezi bila chaji. Hakimfikii kila mtoto mkononi, ni kweli, lakini pakiwa na projekta kimoja kinatosha darasa zima.

Kama shuleni kwenu kuna vilivyolala, visitupwe kwa haraka. Betri iliyoshuka sana hupokea chaji kwa kiwango kidogo mno mwanzoni, na kioo kinaweza kubaki cheusi kwa nusu saa au zaidi. Wengi huchomoa baada ya dakika tano wakidhani kimekufa. Kiache, mtu akiwa karibu. Lakini kabla ya hapo kigeuze utazame mgongo: kikiwa kimevimba, au kioo kimeinuka pembeni, kuna gesi ndani na kinaweza kushika moto. Hicho usikichomeke kabisa. Kitoe darasani, ukiweke mbali na watoto, fundi aje kukichukua.