Ukiokota Chombo Chenye Alama ya Mionzi, Usikisugue

Tangu tuanze kampeni ya kuwaelimisha wauzaji wa vyuma kuukuu huku Magharibi mwa Kenya, simu za ofisini hazipoi. Hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba nyingi hazitoki kwa mtu aliyeona chombo cha kutiliwa shaka akarudi nyuma. Zinatoka kwa mtu aliyekwisha kukifungua, akakiweka kwenye mizani, akakipiga picha na kumtumia shemeji yake Nairobi, na sasa anauliza bei.

Naomba lieleweke: serikali hainunui vyanzo vya mionzi, yaani vitu vinavyotoa mionzi, kutoka kwa wananchi. Hakuna bei ya kilo wala ya gramu. Kuwa na chanzo cha mionzi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Kumiliki, kutumia, kuingiza nchini, kupeleka nje, kusafirisha, kumkabidhi mtu mwingine, kuhifadhi na kutupa, vyote vinahitaji idhini, na idhini ya kutumia haimaanishi umeruhusiwa kuuza. Anayepatikana na hatia hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na mwenye leseni anaweza kunyang'anywa leseni yake. Je, aliyeokota na kuripoti mara moja atashtakiwa? Siwezi kuahidi lolote kwa niaba ya polisi au mwendesha mashtaka. Ninachoweza kusema ni kwamba anayeripoti mapema tunamhitaji kama shahidi. Aliyekaa na chombo wiki tatu akitafuta mnunuzi ana maelezo mengi ya kutoa.

Vyombo vyenyewe si vigeni. Kwenye barabara zinazojengwa, iwe upande wa Nakuru au wa Busia, kuna kile kifaa chenye mkono wa chuma ambacho fundi wa maabara hukiweka juu ya udongo ulioshindiliwa ili kupima kama umekaza. Ndani yake kwa kawaida mna sesiamu-137 na amerisiamu-241. Wanaopiga picha za viungo vya mabomba na matangi ya mafuta ili kuona kama yamechomelewa sawasawa hutumia iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi. Viwanda vingine hupima kiasi cha vitu ndani ya matangi kwa mionzi, na hospitali zina vyao. Vikiwa mikononi mwa waliofunzwa, hufanya kazi miaka nenda miaka rudi bila kumdhuru mtu. Hatari huja kifaa kinapoibwa kwenye gari usiku, au kampuni inapofilisika na vifaa vyake kuishia kwa muuza skrapu.

Kuna sanduku moja dogo ambalo nalitaja kila semina. Lilitoka kwenye jua kali za Kibuye, Kisumu, likiwa zito kupita kiasi kwa ukubwa wake, na aliyekuwa nalo alikuwa amelisugua kwa waya wa sufuria mpaka likang'aa, akidhani anaongeza thamani. Kipimo chetu kikasoma uraniamu. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba malighafi ya bomu imepatikana Kisumu. Haikuwa hivyo. Kamera za kupigia picha mabomba hukingwa kwa uraniamu hafifu, kwa sababu ni nzito kuliko madini ya risasi na huzuia mionzi vizuri zaidi. Uraniamu ya asili ina takriban asilimia 0.72 ya isotopu (aina ya atomi) ya 235. Hafifu ina pungufu ya hapo, mara nyingi asilimia 0.2 hadi 0.3, ile inayoitwa iliyorutubishwa sana huanzia asilimia 20. Kupima uwiano huo ndiyo hatua ya kwanza ya kujua kama tuna sanduku tupu au tuna jambo la kuwaamsha wakubwa. Sanduku lilikuwa tupu, iridiamu haimo, na tulishukuru. Lakini bamba lenye namba ya kiwandani lilikuwa limesuguliwa likawa kama kioo. Namba ile ingetupa jina la mwenye mali kwa simu moja tu.

Hapa ndipo ulipo uchunguzi wa kijinai wa nyuklia, yaani kusoma kitu chenye mionzi ili kujua kilikotoka, kazi ambayo wengi hudhani ni ya sinema. Mchuuzi wa samaki wa Dunga akifunua matamvua hujua kama sangara amevuliwa leo au juzi, hata muuzaji aseme nini. Nasi hufanya vivyo hivyo kwa vyombo vizito zaidi. Sesiamu-137 hugeuka bariamu kidogo kidogo, na nusu yake huisha kwa takriban miaka 30. Ukipima bariamu iliyozaliwa ndani ya chanzo kilichofungwa, unapata mwaka kilipotengenezwa. Uraniamu nayo huzaa thoriamu tangu siku iliposafishwa, kwa hiyo ina saa yake. Uchafu mdogo uliobaki ndani hudokeza aina ya mwamba ilikochimbwa au kiwanda ilikopita, na umbo la chembe chini ya hadubini ya elektroni huonyesha njia ya kikemia iliyotumika. Juu ya hayo yote upo ushahidi wa kawaida wa kipolisi: alama za vidole, nywele, udongo, karatasi iliyofungiwa, wino.

Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa Bulgaria. Tarehe 29 Mei 1999, maofisa wa forodha mpakani Ruse walimtilia shaka dereva mmoja, wakapekua gari na kukuta kopo la madini ya risasi limefichwa ndani ya pampu ya kujazia magurudumu. Ndani ya kopo mlikuwa na nta ya manjano, na ndani ya nta kichupa cha kioo chenye unga mweusi, takriban gramu 4 za uraniamu iliyorutubishwa hadi karibu asilimia 73. Wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, hawakuishia kwenye unga. Walichunguza nta na rangi yake, risasi ya kopo, na karatasi. Unga uliwaambia kwamba ulitokana na mafuta ya kinu cha nyuklia yaliyokwisha kutumika na kusafishwa upya, na kwamba usafishaji ulifanyika karibu na mwisho wa mwaka 1993. Vifungashio vikaelekeza macho Ulaya ya Mashariki. Kama yule ofisa angeyeyusha nta ili aone vizuri kilichomo, au angesafisha kopo ili lipendeze kwenye picha, nusu ya habari hiyo ingekwenda na maji.

Niongeze kwamba hata kwa kazi yote hiyo, hawakuweza kutaja hadharani kwa uhakika kiwanda kilikotoka. Maabara haitoi jina la mwizi. Hutoa orodha fupi ya mahali pa kwenda kuuliza, na hukataa uongo. Wakili anayetarajia zaidi ya hapo atavunjika moyo, na mwandishi wa habari anayetaka jibu jioni hiyohiyo atavunjika moyo mapema zaidi. Utaratibu unaofuatwa kimataifa huhesabu saa 24 kwa majibu ya awali, wiki moja kwa vipimo vya kina, na miezi miwili au zaidi kwa vile vya mwisho.

Kuhusu "zebaki nyekundu", kile kitu cha kubuni ambacho wapigaji hudai ni cha nyuklia na cha thamani kubwa, sitarefusha, ingawa nalazimika kulijibu karibu kila wiki. Haimo kwenye cherehani za Singer. Haimo kwenye redio za mbao wala runinga za zamani, wala Mkoloni hakuificha chini ya daraja la reli. Haikimbii kitunguu saumu, na kukosa kivuli kwenye kioo ni hadithi ya wapigaji. Tangu uvumi huu uanze kuzunguka dunia, sampuli zilizofika maabara zimekuwa zebaki ya kawaida, oksidi yake, iodidi yake, au kitu kingine kilichotiwa rangi. Anayeiuza anajua anachofanya, na kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu huipa mahakama uwezo wa kumfunga hadi miaka mitatu. Zebaki halisi, wachimba dhahabu wa Migori na Kakamega wanaijua, huharibu ubongo na figo. Basi unaibiwa pesa na unapewa sumu juu yake.

Wapo pia wanaotutumia mawe. Vilima vya Ruri na maeneo ya Lambwe, Homa Bay, vina miamba yenye thoriamu kuliko kawaida, na kipimo kikilia huko hakimaanishi kuna aliyeficha kitu. Mpakani Busia na Malaba, lori la mbolea ya potashi au la vigae linaweza kuliza kengele. Mgonjwa aliyetibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi naye anaweza kuiliza. Dereva asikasirike akiombwa kusogea kando. Ofisa ataangalia ni isotopu gani, alinganishe na hati za mzigo, na ikiwa ni potasiamu ya mbolea, safari inaendelea.

Sasa wenye leseni, kwa sababu ninyi ndio mnaonipa kazi kubwa kuliko waokotaji. Mashine za mamilioni hazisaidii kama hatuna cha kulinganisha nacho. Msingi wa kazi hii ni daftari: aina ya chanzo, namba yake, mtengenezaji, tarehe na nguvu yake siku hiyo, nani amekichukua asubuhi na nani amekirudisha jioni. Miaka ya nyuma kinu cha utafiti cha Kinshasa kilipotelewa na fimbo mbili za mafuta ya nyuklia. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijulikani iliko. Kwa hiyo mkandarasi anayeniambia kifaa chake "hakijapotea, ila hakionekani" ananichosha. Hofu ya faini naielewa, lakini kuchelewa kuripoti hugeuza wizi uliofanywa na mtu mwingine kuwa kosa lako mwenyewe. Ripoti kwa Mamlaka na kwa polisi siku hiyohiyo, pata namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), toa nakala ya cheti cha chanzo na picha ya bamba. Kifaa kisichotumika tena kisifungiwe stoo: omba kibali cha kukihamisha, mtengenezaji akirudishiwe, au kipelekwe kwenye kituo cha taka za mionzi cha Oloolua.

Kwa mwananchi wa kawaida, alama ya kuangalia ni mapanga matatu meusi kama ya feni kwenye njano. Hata bila alama, kichuma kizito kupita ukubwa wake, chenye kufuli au tundu dogo katikati, kiache palepale. Msikisogeze. Sogeza watu, angalau mita 30 pande zote, na watoto kwanza, maana ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua mara nne. Usimwite fundi wa kukata kwa gesi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, waokotaji walibomoa kichwa cha mashine ya kutibu saratani iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Unga wa ndani ulikuwa uking'aa buluu gizani, watu wakagawiana na kuupaka mwilini. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita, watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya laki moja walilazimika kupimwa.

Piga 999 au 112, au mwite chifu awaite polisi. Andika saa uliyokiona, mahali, na majina ya waliokigusa, ukiwemo wewe. Waliogusa wanawe mikono, wasile wala kuvuta sigara kabla hawajapimwa, na wasitawanyike kwenda nyumbani. Nguo walizovaa zitiwe kwenye mfuko wa plastiki na zisifuliwe, kwa sababu nazo ni kielelezo, na ofisa atazisainia kwenye fomu zilezile zitakazosomwa mahakamani. Picha moja ya mbali inatosha. Mtumie ofisa, si kikundi cha WhatsApp.