Gari la safari ndefu na familia: uzito unakwamisha kuliko tope

Muulize anayejiandaa kwa safari ya wiki sita porini na familia yake kwamba gari linahitaji nini, atakutajia vitu vya kununua: bampa la chuma, winchi (mashine ya kujivuta kwa waya ukinasa), hema la juu ya paa, taa kali. Mizani hataitaja. Kwa maoni yangu, magari mengi ya safari yanaponzwa na kilichoongezwa kuliko kilichosahaulika. Haya hapa, kwenye alama za nukuu, ni maneno ambayo wasafiri huambiana, na chini ya kila moja ni jibu langu.

"Hili ni gari la kazi, litabeba tu."

Kila gari lina uzito wa juu ambao halipaswi kuuvuka likiwa na kila kitu ndani, watu wakiwemo. Utaukuta kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, kibati chini ya boneti, au kitabu cha gari. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Tuseme kimebaki kilo 650. Wazazi na watoto wawili, 210. Maji lita 60, kilo 60. Hema la juu 60, keria yake 30. Bampa na winchi, 80. Betri ya pili 25. Friji na vilivyomo 40. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kama 42. Tairi la akiba la pili 35. Jeki, spana na vipuri 30. Nguo, matandiko na chakula 80. Jumla 692. Tumeshavuka, na bado hakuna aliyepakia kiti hata kimoja cha kukalia jioni.

Hapo ndipo fundi anapokwambia ufunge springi ngumu. Springi zitanyanyua mkia, gari litaonekana limesimama vizuri, nawe utajiona umemaliza kazi. Breki, ekseli, beringi na chesisi ni zilezile. Kinachotakiwa ni kushusha vitu. Anza na vya kwenye keria, maana paa lina kikomo chake, keria yenyewe ikihesabiwa ndani yake, na kilo moja ya juu inayumbisha gari kwenye kona kuliko kilo moja iliyo sakafuni.

"Barabara mbaya inataka tairi zilizojaa upepo."

Kinyume chake. Kwenye mchanga laini, tairi lenye upepo wa psi 35 (kipimo kinachosomeka kwenye geji) linachimba; lishushe hadi karibu 18, unyayo wake unarefuka na gari linapita juu badala ya kuzama. Kwenye changarawe yenye mawimbi, kupunguza kidogo kunapunguza pia mtikisiko unaofungua nati na kupasua vioo vya taa. Lakini ukipunguza upepo, punguza na mwendo, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi linajikunja na kunyooka mfululizo, linapata joto, kisha linapasuka. Kwa hiyo pampu nzuri ya umeme na geji vitangulie winchi.

Na usiridhike na kashata nene. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la akiba ndilo hudanganya zaidi. Halijawahi kugusa barabara, linang'aa, na mpira wake umezeeka.

"Nimefunga sinokeli, mto si tatizo."

Sinokeli inapandisha juu mdomo wa kuvutia hewa ya injini, basi. Maungio yake yakivuja, maji yanaingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Difu, yaani masanduku ya gia kwenye ekseli, nazo zina vitundu vyao vya kupumulia: difu iliyochemka ikitumbukia kwenye maji baridi, inavuta maji ndani. Ukifungua oili kesho yake ukaikuta nyeupe kama maziwa, ndiyo hayo. Halafu kuna mkondo. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, hata makubwa haya. Ukiwa na watoto ndani, geuza.

"Ukinasa, funga kamba kwenye ile tufe ya kuvutia tela."

Hapana. Kabisa. Tufe hiyo haikutengenezwa kwa mshtuko wa kunasua gari. Ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu. Tumia ndoano za kunasulia zilizofungwa kwenye chesisi, na watoto wasimame mbali, pembeni, si kwenye mstari wa kamba.

"Mizigo ikibanana, haitembei."

Boksi la spana nyuma ya kichwa cha mtoto litatembea siku ya breki ya ghafla. Fungia mikanda kwenye vishikizo vya sakafuni, weka vizito chini nyuma ya kiti, na ufunge wavu wa chuma kati ya mizigo na watu.

"Vifaa vipya vifungwe wiki ya kuondoka, visichakae."

Vifungwe miezi miwili kabla. Kisha laleni nje siku mbili, mahali pa karibu, gari likiwa na mzigo wote na watoto wote. Hapo ndipo mtagundua kasoro mapema: friji inaweza kuua betri ya stata usiku mmoja kama haina betri yake. Mlango wa nyuma unaweza kugoma kufunguka hema likiwa wazi. Na tairi zikishafungwa upya, kaza nati zake tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, si kwa kukanyagia mguu.