Je, Bili ya Maji Ni Malipo ya Kitu cha Bure?

Wengi huamini kwamba maji hushuka bure kutoka mawinguni, na kwa hiyo bili ni njia tu ya mamlaka kujitajirisha. Kinacholipiwa hasa ni kazi ya kuyaleta. Uniti moja ni lita 1,000, yaani tani nzima ya maji yanayopaswa kusukumwa kwa pampu, kuchujwa, kutiwa klorini na kufikishwa bombani. Tena gharama kama mikopo ya mitambo na mishahara hazipungui hata mteja akifunga koki mwezi mzima. Ndiyo maana baadhi ya mamlaka huweka tozo ya kudumu, yaani kiasi kilekile kila mwezi bila kujali matumizi, ingawa ikizidi humwumiza anayetumia ndoo chache.

Malalamiko kuhusu tozo ya majitaka katika bili yana mashiko zaidi. Kwa kuwa ni nadra nyumba kuwa na mita ya majitaka, kiasi chake hukadiriwa kutokana na maji yaliyoingia, hivyo anayemwagilia bustani anaweza kutozwa kwa maji yaliyoishia udongoni. Hilo ni la kuulizwa katika mkutano wa maoni kabla bei haijapitishwa, sambamba na kiasi kinachovuja njiani, ambacho gharama yake nayo huweza kuingizwa katika bei.