Je, wajua kwa nini mapango ya Noeli ya Meksiko, yaani sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, hayafanani?

Mwezi Desemba, katika masoko ya Meksiko, Mtoto Yesu huuzwa akiwa wa udongo mweusi, wa bati, wa maganda ya mahindi, wa majani makavu. Mjini Oaxaca huchongwa hata kwa figili. Kwa nini?

Pango lenyewe lilikuja na wageni. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Wafransisko 12, watawa wa shirika lake, walipotua Meksiko mwaka 1524, walihitaji njia ya kuwafundisha watu ambao hawakuelewana nao kwa lugha, na sanamu ziliwafaa.

Ila mafundi waliowakuta walikuwa na ufundi wao tangu kale, na hawakuuacha. Wapurépecha, wenyeji wa jimbo la Michoacán, walisaga moyo wa bua la mahindi, wakauchanganya na gundi ya mmea wa okidi, wakafinyanga sanamu nyepesi mno. Mapadri waliufurahia ufundi huo: sanamu ya Kristo yenye kimo cha mtu mzima iliweza kubebwa kwenye maandamano bila kuwavunja watu mabega. Tangu hapo ni vivyo hivyo: kijiji cha wafinyanzi hufinyanga Yosefu na Maria, na kijiji cha wasusi huwasuka.

Watu wa San Bartolo Coyotepec, karibu na Oaxaca, ni wafinyanzi. Vyombo vyao vya zamani vilikuwa vya kijivu, vigumu, vya kuwekea maji na pombe. Katika miaka ya 1950 mama mmoja, Doña Rosa, aligundua kwamba udongo ukisuguliwa kwa jiwe kabla ya kuchomwa, na moto ukipunguzwa, hutoka mweusi wa kung'aa. Chungu cha namna hiyo huvuja. Kwa sanamu ya pango, kuvuja si hoja!

Figili ndiyo vituko zaidi. Ililetwa na Wahispania, na tangu 1897 Oaxaca hushindanisha wachongaji wake kila tarehe 23 Desemba. Hulimwa figili kubwa kwa ajili ya siku hiyo tu, na kazi hunyunyiziwa maji isisinyae. Hata hivyo haidumu. Mapango ya udongo na bati hukaa majumbani hadi 2 Februari, Mtoto anapovalishwa nguo mpya na kupelekwa kanisani kubarikiwa, kisha watu wanakula tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke.