Vibano vya kebo na mawimbi yanayorudi

Kebo nene inayopanda mnara wa redio ya FM hushikiliwa na vibano. Fundi nadhifu huvipanga kwa nafasi sawasawa na kuvikaza barabara, na hapo ndipo anapojitafutia balaa. Kibano kilichokazwa mno huibonyeza kebo, na kwenye kila mbonyeo wimbi hurudisha chembe ya nguvu kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Chembe moja haina neno. Lakini nafasi zikilingana na nusu ya urefu wa wimbi, chembe zote hurudi zimepatana na kujumlishana. Kwa megahezi 100, kwenye kebo ambamo wimbi hukimbia kwa asilimia 88 ya kasi ya mwanga, nafasi hiyo ya balaa ni sentimita 132. Ndiyo maana vijana ninaofanya nao kazi hapa Mbeya huwa nawaambia: pishanisheni nafasi, na msikaze kama mnafunga magunia ya viazi kwenye fuso.

Hesabu ni ileile aliyotumia mwanafizikia Lawrence Bragg mwaka 1912 kueleza miale ya eksirei inavyorudishwa na matabaka ya atomi. Mwaka 1987 wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, waliipeleka kwenye mwanga.

Hayo ni marudio ya mahali, yaani kitu kinachojirudia kila baada ya umbali fulani. Ya wakati ndiyo yanayoninyima usingizi. Chukua kebo isiyo na mbonyeo wowote, kisha ubadilishe uwezo wake wa kutunza chaji kwa mpigo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Wimbi lililomo ndani hubaki na urefu wake. Kinachobadilika ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. (Kwenye mbonyeo ni kinyume: masafa hubaki, urefu hubadilika.) Rudia mapigo kwa kasi maradufu ya masafa ya wimbi, nalo halizuiliwi, linakua! Nguvu ya ziada inatoka kwenye chanzo kinachoibadilisha kebo. Kwa megahezi 100 ni mapigo milioni 200 kwa sekunde, kazi ambayo dayodi za varakta, ambazo uwezo wake wa kutunza chaji hubadilishwa kwa volti, zinaiweza.

Mapigo yakisafiri kwenye kebo badala ya kutokea kote kwa pamoja, wimbi linalofuatana nayo na linalokutana nayo huzuiliwa kwenye masafa tofauti. Kwa hiyo unaweza kupitisha upande mmoja tu, bila zile sumaku na feraiti (kauri zenye chuma) nzito tunazotumia kulinda mitambo. Kwenye mtambo wa kilowati kadhaa sioni dayodi hizo zikifaa karibuni, maana volti kubwa huzifanya zipotoshe mawimbi. Mimi ningeanza na vipokezi, ambako volti ni ndogo.